Pete ya Mama Ilipokwama Kidoleni Mwangu

Katika kanisa letu la Wasabato kule Manga, shemasi wa kike havai pete, hereni wala mkufu, na mimi ni shemasi. Ndiyo maana siku ile nilipotoka kwa sonara mjini Kisii nikiwa na pete ya dhahabu, niliona kwamba hakuna mahali salama pa kuificha kuliko kidoleni mwangu. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Wezi wa soko wanajua kila mahali mwanamke anapoweka kitu: kifuani, kwenye soksi, kwenye fundo la leso, chini ya sukari ndani ya kikapu. Lakini sijawahi kusikia mwizi aliyetafuta dhahabu kwenye mkono wa Msabato. Nikaivaa, nikaligeuza jiwe lake litazame kiganja, nikafunga ngumi, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani huku nikijisifu moyoni kwa akili zangu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Wageni walikuwa waje Jumapili.

Pete yenyewe ni ya zamani kuliko mimi, na kuliko mama yangu aliyeniachia. Ni nyembamba, dhahabu yake imekolea kama asali ya msituni, na ina jiwe dogo jekundu. Babu aliinunua kwa sonara Mhindi aliyekuwa na duka mjini enzi za ukoloni. Siku hizo mwanamke wa Kisii aliyeolewa alivaa ebitinge, bangili za chuma zilizofungwa kwenye vifundo vya miguu, na ukizisikia zikigongana njiani ulijua mke wa mtu anapita. Bibi alipobatizwa aliambiwa avue chuma hicho kwa kuwa ni mambo ya kale. Babu, ambaye hakutaka mkewe aonekane kama msichana asiye na mwenyewe, akaenda mjini akaleta pete. Mhubiri alipoiona akasema hiyo nayo ni etinge, tofauti ni kwamba imepanda kutoka mguuni hadi kidoleni. Kwa hiyo bibi alivua chuma cha mguuni na akakatazwa dhahabu ya kidoleni, yote katika msimu mmoja wa mahindi. Hakubishana. Aliifunga pete kwenye kitambaa akaitia ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Baba alipomposa mama, bibi aliitoa akampa mwanawe, naye akampa mama. Mama aliipokea kwa furaha, akaitazama jioni nzima, kisha akairudisha kwenye mkebe ule ule. Yeye pia alikuwa wa kanisa. Basi pete ikapewa wanawake wawili na isikae kwenye kidole cha hata mmoja.

Baba alitangulia kufariki, na mama akafuata baada ya muda mfupi. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu walikuwa wadogo watatu, wa mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni. Siku chache kabla hajaenda, mama aliniita kitandani akanionyesha mkebe. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama, kwa hiyo vitu vya mama ni vyake. "Hii ni ya mke wa huyu mdogo," akasema. "Wewe ishike tu."

Nikaishika. Baada ya mazishi jamaa walikaa uani wakaanza kutugawanya kama vyombo: huyu aende Nyamarambe kwa shangazi, huyu abaki kwa baba mdogo, mimi nitafutiwe mume kwa kuwa nimekomaa. Niliwapikia chai, nikawagawia, kisha nikasimama nikasema hakuna anayetoka. Sijui nilitoa wapi sauti hiyo. Sikurudi shuleni tena. Niliingia kwenye shamba la chai la mama na sijatoka hadi leo, na wadogo zangu wote wamesoma kunipita. Wananiita sista, hata yule ambaye hakumbuki uso wa mama.

Basi huyo mdogo wa mwisho ndiye alikuwa anaoa. Anafanya kazi ya maabara katika hospitali moja mjini, na alikuwa amempata msichana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa, wakakaa Nyanchwa miaka mingi. Baba yake ni mwalimu mstaafu na mama yake ni fundi wa kushona nguo, mwenye cherehani kwenye baraza ya duka. Si Wasabato. Kwao pete ni jambo la kawaida kama sahani. Msichana alikuwa ameomba kitu kimoja tu, avishwe pete siku wazazi wake watakapokuja kuona boma letu, hata kama ni ya shaba. Ndugu yangu alitaka kwenda kununua. Nikamwambia pete ipo, ilikuwepo kabla yako, na mama amesema ni ya mkeo. Hakuwa anajua.

Ndipo nikaipeleka kwa sonara ikasafishwe na jiwe likazwe.

Sasa rudi nami kwenye bodaboda. Nilipofika nyumbani nilikuta gari la kubeba majani liko karibu kufika kwenye kituo cha kupimia chai na mimi sijachuma hata nusu ya kikapu. Sikuingia ndani ya nyumba. Nilivaa plastiki yangu ya kuchumia kiunoni nikaingia shambani vile vile, nikijiambia nitaivua pete jioni. Mtu asiyechuma chai hajui vidole vinavyofanya kazi hiyo. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, jua likiwa utosini, damu yote inashuka mikononi. Nilipopimiwa majani yangu na kurudi nyumbani, niliishika pete nivue. Ikazunguka vizuri, ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikasimama.

Nilicheka. Nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikavuta. Ikasimama pale pale.

Ijumaa ilikuwa siku ya maandalizi ya Sabato, siku ambayo huwa nafua, nasafisha nyumba na kupika vya kesho. Mimi niliitumia kupaka kidole. Nilipaka mafuta ya kupikia, nikapaka mafuta ya kujipaka, nikaponda parachichi lililoiva nikalipaka nalo. Dada yangu anayenifuata, ambaye ameolewa ng'ambo ya pili ya kilima na alikuja kusaidia kwa ajili ya wageni, alinishika mkono akavuta hadi wote wawili tukaanguka kwenye rundo la maharagwe. Kidole kilivimba zaidi kwa kuvutwavutwa. Akanishauri niinue mkono juu ili damu ishuke, na asubuhi nzima nilitembea uani mkono ukiwa hewani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda choo, na majirani wakipita kwenye kijia wananipungia wakidhani nawasalimia.

Ndugu yangu akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Sista, kuja hospitali. Wako na kimashine ya kukata. Dakika mbili."

"Kukata kidole ama pete?"

"Pete."

"Afadhali kidole."

Akacheka, lakini mimi sikuwa nikicheka sana. Akasema basi Jumapili atanunua nyingine, hii itakatwa polepole na kuungwa baadaye, na mchumba wake ataelewa. Nikamwambia mama hakusema nimpe mkwewe pete ya kuunga. Kama haitatoka nzima kufikia Jumapili, nitakubali ikatwe, lakini si kabla ya hapo. Tukaachana hivyo. Nilipokata simu ndipo nilipohisi uzito wa jambo lenyewe. Miaka yote nilikuwa nimepewa vitu vingi vya kushika, na vingi nilivishika vibaya. Mlango wa jikoni umeanguka nikiangalia, na ng'ombe wa baba hayupo. Hii pete ndiyo pekee niliyokuwa nayo kama nilivyopewa.

Niliomba nikiwa nakoroga uji. Mimi huomba nikiwa na kazi mkononi, kwa sababu nikipiga magoti hulala. Nilimkumbusha Mungu kwamba nimemwomba mara nyingi anifungue. Nilipokuwa binti wa miaka kumi na saba nilimwomba anifungue kutoka kwa watoto watatu wanaolia, halafu kutoka kwa karo, halafu kutoka kwa baba mdogo aliyetaka kuuza kipande cha chini cha shamba. Hakunifungua hata mara moja. Aliniacha nibanwe, na watoto wakakua. Sikulalamika, nilikuwa tu naweka kumbukumbu sawa. Nikamwambia safari hii ni kidole kimoja tu.

Kulipokucha Sabato, pete ilikuwa pale pale, na siku hiyo ilikuwa ya meza ya Bwana.

Asiyejua utaratibu wetu nimweleze. Kabla ya mkate na divai tunaoshana miguu. Wanaume huenda upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, kila mmoja na beseni na taulo, kwa ajili ya unyenyekevu. Shemasi ndiye anayebeba maji, anayewapanga watu, na anayemwosha yeyote aliyebaki peke yake. Mikono ya shemasi siku hiyo inaonekana kuliko uso wa mchungaji. Nikafunga plasta kuzunguka kidole, nikajiandaa kusema nimejikata na panga nikitayarisha majani ya ng'ombe, kisha nikakumbuka kwamba siwezi kudanganya na beseni la meza ya Bwana mkononi. Nikaamua nisiseme kitu.

Aliyebaki peke yake alikuwa jirani yetu mkongwe, bibi ambaye hata watu wenye wajukuu humwita magokoro, yaani nyanya. Macho yake bado yanaona sisimizi kwenye majani ya ndizi. Nikapiga magoti, nikauchukua mguu wake wa kulia, nikaumwagia maji. Plasta ikalowa, ikaachia, ikaelea ndani ya beseni kama mashua ndogo. Jiwe jekundu likawaka.

Nilibaki nimeinamisha kichwa. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Kisha, kwa Kiswahili, lugha ambayo haitumii kamwe isipokuwa anapotaka watoto wasielewe, akaninong'oneza, "Ni nani huyo?"

"Hakuna, magokoro. Imekwama."

"Wote husema imekwama."

Nikamwosha mguu haraka haraka. Nilipofika kwenye kifundo aliunyoosha mguu mbele yangu ili nione. Ngozi ya pale ilikuwa nyororo na yenye weusi tofauti, kama njia ya ng'ombe kwenye nyasi. Nilikuwa nimemwosha miguu miaka mingi na sikuwahi kuuliza. Akanieleza kwa Ekegusii, taratibu, huku maji yakipoa, kwamba alivaa ebitinge akiwa msichana mdogo wa kuolewa, na akalia zilipofungwa. Halafu alipobatizwa zikakatwa mtoni, akalia tena. Watu walidhani analilia mila. Alikuwa analilia miguu. Ilikuwa imekuwa myepesi mno, akawa hajui kuikanyagisha, akitembea anajikwaa pasipo na jiwe. Akasema kwa karibu mwezi mzima hakuweza kubeba mtungi bila kuyumba. Kitu kilichokuwa kinambana ndicho kilichokuwa kinamfundisha kutembea, na hakujua hadi kilipoondoka.

Nikafuta mguu wake kwa taulo. Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini alikuwa amesharudi kwenye lake.

"Ni yule mgane wa kituo cha chai," akasema. "Nilijua tu. Kila mara anakupimia majani kwa heshima."

Tulipaswa kuimba wakati huo. Wanawake wa karibu waliimba kwa sauti ndogo sana.

Sitaeleza jinsi habari zinavyosafiri Manga Sabato alasiri, watu wakiwa hawana kazi na miguu yao ikiwa imeoshwa. Kufikia magharibi nilikuwa nimeposwa. Kufikia giza kuingia nilikuwa nimeposwa kwa siri na mtu wa dini nyingine. Mzee wa kanisa alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa upole kama nina jambo la kumwambia. Nikamwonyesha kidole kilivyovimba, akakitazama, akakohoa, akasema tuombe. Alipofumbua macho naye alijaribu kuivuta kidogo.

Jumapili asubuhi, kabla hata kuku hawajachinjwa, baba mdogo aliingia uani akiwa amevaa koti lake la mikutano. Yeye ndiye angezungumza kwa niaba yetu mbele ya wageni. Alikuja mapema kuliko nilivyotarajia na hakutaka kuketi.

"Nasikia kuna mtu ameleta pete hapa na mimi kama sijui," akasema. "Ng'ombe yake iko wapi?"

Nikamwambia hakuna ng'ombe kwa sababu hakuna mtu.

"Pete inaweza kuja bila mtu?"

"Hii ilikuja na bodaboda."

Dada yangu alikimbilia jikoni ili acheke vizuri. Baba mdogo, ambaye miaka ile alitaka nitafutiwe mume upesi, sasa alikuwa amekasirika kwamba nimejitafutia bila ruhusa. Nilimweleza kisa chote tangu kwa sonara. Alisikiliza akiwa ameweka mikono nyuma. Mwishoni aliniomba nimwonyeshe pete, akaitazama sana, akasema aliwahi kuiona mara moja, alipokuwa mtoto, mama yake alipofungua mkebe kutafuta kitu kingine. Akaketi, akaomba chai.

Wageni walifika karibu saa sita, wamepanda kilima kwa miguu kutoka barabarani kwa sababu mama wa msichana alikataa bodaboda. Alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, anavuta pumzi na kucheka kwa wakati mmoja, na nyuma yake mumewe mwalimu alikuwa amebeba samaki wakubwa waliofungwa kwenye gazeti. Msichana alikuja nyuma akiwa ameangalia chini kama inavyotakiwa, ila alipopita karibu nami aliminya mkono wangu. Ndugu yangu alikuwa amemwambia.

Tulikuwa tumekubaliana mezani pawe hivi: tule kwanza, wazee wazungumze, halafu kama pete imetoka avishwe, na kama haijatoka ndugu yangu aombe radhi na Jumatatu ikatwe. Nilikuwa nimemkubalia. Nilihudumu nikiwa nimefunika mkono wa kushoto kwa kitambaa cha mezani. Nikaleta ugali wa wimbi, kuku, mboga za chinsaga zilizolala kwenye maziwa, ndizi. Kwa kuwa sisi hatujui lugha yao wala wao yetu, mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, na baba mdogo alikikamata Kiswahili kama mtu anayekamata jogoo. Alisifu safari, akasifu samaki, akasema boma hii ni mzuri na watu yake ni wazuri. Mwalimu alitikisa kichwa kwa adabu bila kumsahihisha.

Nikiwa namnawisha mama wa msichana, kitambaa kilianguka.

Alinishika mkono kabla sijaurudisha. Mikono ya mafundi wa nguo ina nguvu, na haina haraka. Aliligeuza jiwe, akakiangalia kidole kilivyokuwa chekundu pande zote mbili za pete, akamtazama binti yake, akamtazama ndugu yangu, na nikaona anaelewa kila kitu bila kuambiwa.

"Hii ndiyo ya huyu wangu?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa naileta tu."

"Naona umeileta vizuri." Akacheka hadi mabega yakatikisika, na baba mdogo akacheka pia kwa adabu, bila kujua anacheka nini. Kisha mama yule akaacha kunawa, akasukuma sahani pembeni, akafungua mkoba wake akatoa kibweta cha sindano na rili ya uzi mweusi. Akaniambia niketi kwenye kiti cha mbele yake na niuweke mkono juu ya goti lake.

Alipitisha ncha ya uzi chini ya pete kwa mgongo wa sindano, akaacha kipande kirefu kining'inie upande wa kiganja. Halafu, kuanzia pale pete ilipoishia, akaanza kukizungushia uzi kidole changu, duara juu ya duara, karibu karibu bila kuacha nafasi, kuelekea ncha. Na alikuwa anakaza. Mara ya kwanza nilifikiri amekosea. Siku tatu nzima watu wote walikuwa wamejaribu kunilegeza, kwa sabuni, kwa mafuta, kwa parachichi, kwa maombi ya mzee wa kanisa, na huyu alikuwa ananifunga.

"Mama, unanibana."

"Eee, nakubana."

"Kuliko pete."

"Lazima iwe kuliko pete, nyathina." Neno hilo ni la kwao, na maana yake ni mwanangu. "Ikiwa nakulegeza, hii kitu itakaa hapa mpaka uzeeke. Pumua."

Kidole kikawa cha zambarau. Dada yangu alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu, mtu mzima mwenye kazi ya maabara, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama nikimtoa funza. Nilimwambia aache kuniangalia hivyo, sijafa. Uzi ukapita juu ya kifundo cha kidole, pale penyewe pagumu, na maumivu yakapanda hadi kiwikoni, na mimi, sijui kwa nini, nilianza kucheka. Nilikuwa nimekumbuka maombi yangu juu ya uji. Wahubiri wetu hupenda kusema juu ya moto wa mfua dhahabu, jinsi Mungu anavyotuchoma hadi tung'ae, na mimi huitikia amina, lakini moto huo sijauona. Nilichokiona kwa macho yangu ni mwanamke wa ziwani akinikaza kidole kwa uzi mweusi ili kipungue, na kikawa kinapungua. Niliwaza kwamba labda miaka ile yote niliyolia nifunguliwe, Yeye alikuwa katikati ya kazi, amefikia kifundo, na hakuweza kuachia hapo.

Mama yule akakamata ile ncha iliyokuwa imebaki upande wa kiganja, akaanza kuifungua taratibu. Uzi ukawa unajivua chini ya pete na pete inapanda juu ya uzi, hatua ndogo ndogo, inazunguka kama mtu anayepanda ngazi ya mviringo. Ikafika kifundoni. Ikasita. Mwalimu akasema neno moja kwa lugha yao. Ikapita.

Pete ikateleza hadi kwenye kucha, ikaangukia kiganja chake.

Aliifuta kwa upindo wa gauni lake akampa ndugu yangu. Hatukungoja wazee wamalize mazungumzo. Samaki walikuwa bado wamefungwa kwenye gazeti. Ndugu yangu alisimama, akakohoa, akasema pete hii ilikuwa ya bibi yake, kisha ya mama yake, na ameletewa na sista. Sauti yake ikakatika hapo, kwa hiyo sehemu nyingine ya hotuba hatukuisikia. Akamvisha. Msichana ana vidole vyembamba na pete ikamcheza. Mama yake akaichukua tena, akaizungushia ule ule uzi upande wa chini hadi ikajaa, akamrudishia kidoleni. Ikakaa.

Nilitazama kidole changu. Kilikuwa na mfereji wa pete na alama za uzi mfululizo, kama shamba lililolimwa matuta. Mama yule alikuwa amekishika bado, anakisugua ili damu irudi, huku amegeukia wazee na anazungumza nao mambo ya ng'ombe.

"Na huyu mkubwa wenu," akamwuliza baba mdogo, "yeye pia ana mtu?"

"Ako na uvumi," akasema baba mdogo. "Mtu bado."

Jioni, wageni wakijiandaa kushuka kilima kabla ya mvua, msichana alikataa kuondoka kabla hajanisaidia kuosha vyombo. Tulikaa nyuma ya jikoni, sufuria zimejaa masizi kati yetu, povu hadi viwikoni. Alianza kusugua, akaiona pete ikiingia kwenye majivu, akaivua. Akatafuta mahali pa kuiweka, akatazama ukutani, akatazama nyasi, kisha akaninyooshea.

"Dada, nishikie kidogo."

Nilikuwa tayari nimetoa mkono kwenye maji. Miaka mingi mkono wangu hutoka wenyewe ukisikia neno hilo. Nikaurudisha.

"Ivae," nikamwambia. "Hizo sufuria niachie mimi, wewe suuza vikombe."

Akaivaa. Akavuta karai la vikombe karibu naye, tukaendelea.